Je, Wajua? Steringi Ana Sababu Gani?

Je, wajua kwamba ubishi wa sizoni za mashujaa hapa Singida haukai sana kwenye swali la nani ana nguvu kumzidi mwenzake? Hilo huisha mapema, kwa sababu nguvu zinaonekana: huyu anakimbia kupita risasi, yule anapaa, mwingine anapinda chuma kwa kunyoosha mkono tu. Ubishi wenyewe, ule unaowafuata watu kutoka kibanda umiza hadi kijiwe cha bodaboda na kesho yake ukaamkia kwenye chai, ni juu ya sababu. Kwa nini alifanya vile? Nani alimlea? Anamdai nani, na nani anamdai yeye? Safu ya leo ni ya hao wabishi, na humu yamo mambo ya kuwasaidia wabishane vizuri zaidi.

Je, wajua kwamba Superman alipotoka kwenye kitabu cha katuni mwaka 1938, na hata alipopata tamthilia yake ya televisheni mwaka 1952 akiigizwa na George Reeves, hakuna aliyesumbuka kuuliza nia yake? Alikuwa mwema, basi. Ilibidi kusubiri hadi Oktoba 2001, ilipoanza Smallville, ndipo watazamaji wakapewa jambo la kuwagawa: Lex Luthor, adui wa siku zote, akaingia kama rafiki wa kweli wa Clark. Clark anamtoa kwenye gari lililotumbukia mtoni, wanashibana, lakini siri ya Clark haisemwi na Lex anajua kwamba anafichwa. Nyuma yake yuko baba, Lionel, mhusika aliyebuniwa kwa ajili ya tamthilia hiyo, ambaye kila penzi lake kwa mwanawe ni mtihani. Sizoni 10 nzima mashabiki waliulizana: angeambiwa siri mapema, angeharibika? Wengi hapa humtupia lawama baba. Mimi naikumbuka zaidi ile siku Clark anapogundua chumba ambacho Lex amekijaza picha na ushahidi juu yake. Mtu anayekupeleleza kiasi hicho hakuwa anasubiri kuambiwa siri tu. Alikuwa anataka kuimiliki.

Je, wajua kwamba kisa kilichozua mabishano makali kuliko vyote kwa watazamaji wa The Flash hakina hata pambano ndani yake? Ni uamuzi wa mtoto kwa mama yake.

Tamthilia hiyo ilianza tarehe 7 Oktoba 2014 na kumalizika tarehe 24 Mei 2023, sizoni 9, episodi 184. Mwanzo wake ni msiba: Barry Allen akiwa mtoto, mama yake Nora anauawa nyumbani usiku, na baba yake anafungwa kwa mauaji asiyoyafanya. Mwishoni mwa sizoni ya 2 baba naye anauawa. Hapo Barry anakimbia kurudi nyuma ya wakati, anamzuia muuaji, na mama anaishi. Anakaa na wazazi wake wote wawili miezi michache, anakula chakula cha mama yake, na wakati huohuo kumbukumbu za maisha yake ya kwanza zinaanza kumtoka. Mwishowe analazimika kumrudia yuleyule muuaji, Thawne, aliyemfungia, na kumwomba aende akamalize kazi.

Lakini dunia anayorudia si ile aliyoiacha. Iris, msichana anayempenda, hazungumzi na baba yake. Mtoto wa rafiki yake Diggle, aliyekuwa wa kike, sasa ni wa kiume. Na Cisco, rafiki wa karibu kuliko wote, amempoteza kaka yake, Dante, kwa ajali ya gari. Cisco anamwambia Barry kitu chepesi: wewe ulirudi kwa ajili ya mama yako, rudi basi kwa ajili ya kaka yangu. Barry anakataa.

Hapo ndipo benchi linapogawanyika. Upande mmoja wanasema mama ni mama. Asiyeweza kurudi kwa ajili ya mama yake ana miguu ya nini. Upande wa pili wanasimama na Cisco, na hoja yao naiona nzito: kosa la Barry si kumwokoa mama, ni kupanga kwamba msiba wake una uzito kuliko msiba wa mwenzake. Katika msiba wetu anayekuja kukaa matangani kwako ana haki ya kukuona ukikaa kwake. Nimewahi kumsikia mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisuka mkeka pembeni na kudhaniwa hatazami, akiuliza: "Sasa wanangu, huyo Cisco, kuna aliyempa pole?" Kibanda kizima kilinyamaza kutafuta jibu.

Je, wajua kwamba Oliver Queen wa Arrow hakuanza kupiga watu mishale kwa sababu ya haki, bali kwa wosia? Meli ya familia ilizama, baba yake Robert alijiua kwenye boti ndogo ili chakula na maji yamtoshe mwanawe, na kabla ya hapo alimwachia kazi ya kusafisha makosa yake mjini. Oliver akarudi baada ya miaka mitano na kijitabu chenye majina ya wakubwa. Sizoni 8, kuanzia 2012 hadi Januari 2020, zote zimesimama juu ya mtoto anayelipa deni la marehemu. Anayejua mirathi ya nyumba zetu haelezwi zaidi.

Adui wa sizoni ya kwanza, Malcolm Merlyn, ana sababu inayouma: mkewe aliuawa kwenye mitaa ya Glades, watu wakipita bila kumsaidia. Anajenga mashine ya kutetemesha ardhi ili auangamize mtaa mzima. Na nani anafia kwenye kifusi? Tommy, mwanawe wa kiume, mtoto wa mke yuleyule. Sijapata kumsikia mtu akimtetea Merlyn baada ya episodi hiyo, ingawa kabla yake watetezi walikuwepo.

Je, wajua kwamba kwa mtazamaji wa Kiswahili, mtu wa kwanza kutoa maoni juu ya nia ya mhusika mara nyingi ni mtafsiri? Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, aliyeingiza sauti yake juu ya filamu za nje, akasimulia, akaigiza mazungumzo ya watu watano peke yake, akawakaripia maadui. Kenya ina DJ Afro. Uganda ina mavijei wake, na kazi hiyo imekita huko kiasi kwamba filamu ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, ilivuma duniani ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake.

Sikiliza wanachofanya hawa. Filamu ya Marekani hupenda kumwacha mhusika asimame dirishani, anatazama mvua, kimya. Mwongozaji anataka ubaki unajiuliza anawaza nini. Mtafsiri hana ruhusa ya kunyamaza, kwa hiyo anakwambia: anamkumbuka marehemu mkewe, anaona aibu, ameshaamua kuua. Uamuzi wa nia umefanywa, umekwisha. Ndiyo maana waliotazama episodi moja, mmoja kwa sauti ya mtafsiri na mwingine kwa maandishi ya chini, hubishana kama watu waliotazama vitu viwili tofauti, na kwa kweli ndivyo ilivyo. Nawaheshimu mno watafsiri. Wao ndio waliotufundisha kwamba mhusika asiye na sababu ni mhusika ambaye hajamaliza kuandikwa.

Hata kijana wa maktaba ya muvi anayekujazia flashi ana sehemu yake:

"Dada, umeishia ya ngapi?"

"Ya tisa, kaka."

"Basi sikusimulii kitu. Ila yule baba mlezi, usimwamini."

Hajasimulia, lakini ameshakupa miwani ya kutazamia.

Je, wajua kwamba Wilson Fisk, jitu linalotisha jiji zima katika Daredevil ya 2015, alianza kuwa alivyo akitazama ukuta? Baba yake alimkalisha mbele ya ukuta mweupe na kumwamuru atafakari anataka kuwa mwanaume wa aina gani, huku chumba cha pili akimpiga mama yake kwa mkanda. Mtoto akaacha ukuta, akachukua nyundo. Ukitazama vizuri, ule mchoro mkubwa mweupe ambao Fisk mtu mzima anaununua na kuutazama kila asubuhi hauna tofauti na ukuta ule. Kumbe mtu anaweza kutajirika, akavaa suti, na bado akawa amekaa kwenye kiti kilekile cha utotoni. Mashabiki wanaosema Fisk ni mbaya tu wanapaswa kuirudia episodi ya 8 ya sizoni ya kwanza. Na wanaosema alionewa tu waitazame episodi ya 4, anapomuua Anatoly kwa mlango wa gari.

Je, wajua kwamba Frank Castle, yule Punisher, aliingia kwenye tamthilia hiyohiyo mwaka 2016 na kuuliza swali ambalo halijajibiwa? Daredevil hapigi ili kuua. Castle, aliyeuliwa mke na watoto wawili, anaona huko ni kuacha kazi nusu. Wanabishana juu ya paa, mmoja amefungwa minyororo. Kibanda huwa kimya wakati huo, jambo ambalo si la kawaida kwenye kibanda.

Je, wajua kwamba Homelander wa The Boys, iliyoanza Julai 2019, hana adui wa kumlipiza? Hakuonewa na jirani wala hakufiwa. Alikuzwa maabara na kampuni, bila mama, bila shangazi, bila mtoto mwenziwe wa kugombana naye. Tamthilia hiyo ni ya watu wazima, na wazazi wazingatie hilo. Lakini maoni niliyoyasikia juu yake yanafanana sana: mtu huyu hakulelewa. Wazungu wanaandika kurasa juu ya ulevi wa madaraka. Wazee wetu wangeuliza tu alinyonya wapi.

Je, wajua kwamba katika ramani ya hadithi za X-Men kuna kisiwa kilicho kwenye maji yetu? Genosha, nchi ya kubuni iliyoanza kuandikwa mwaka 1988, imewekwa Bahari ya Hindi, pande za Madagaska na Shelisheli. Kwanza ilikuwa nchi tajiri iliyowatumikisha watumwa wenye vipaji visivyo vya kawaida. Baadaye ikawa kimbilio lao. Katika X-Men '97, episodi iliyotoka tarehe 10 Aprili 2024, Genosha inashambuliwa usiku wa sherehe na maelfu wanakufa. Magneto, ambaye hadithi inasema alinusurika kambi ya Auschwitz akiwa mtoto, anashuhudia watu wake wakichinjwa mara ya pili maishani. Anachofanya baada ya hapo, kuzima umeme wa dunia nzima, kimewagawa mashabiki kila pembe. Ndani ya tamthilia yenyewe mhusika mmoja anatamka kwamba Magneto alikuwa sahihi, na kauli hiyo ilikuwepo kwenye katuni za X-Men miaka mingi kabla.

Msimamo wangu: alikuwa sahihi juu ya hatari, akakosea juu ya nani alipe. Umeme ukizimwa dunia nzima, anayekufa kwanza ni mgonjwa aliye kwenye mashine, na yeye hakupiga kura ya kuchinja mtu.

Je, wajua kwamba Storm, malkia wa mvua na radi katika kundi hilohilo, ni mtoto wa mama Mkenya? Aliandikwa mara ya kwanza mwaka 1975. Hadithi yake inasema alizaliwa New York, akahamia Cairo na wazazi, na ndege ilipoangukia nyumba yao mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, alifukiwa kifusini karibu na maiti ya mama yake. Ndiyo maana mwanamke anayeamuru vimbunga hawezi kuvumilia chumba kidogo. Alipokua akatembea kwa miguu kuelekea kusini hadi tambarare za Serengeti, na watu wakamwita mungu kwa sababu aliwaletea mvua.

Hapo watazamaji wa Singida wana haki ya kusema neno, maana mkoa wetu upo kwenye ukanda mkavu wa kati na mvua kwetu ni msimu mmoja. Mwandishi wa katuni aliyemfanya aletewe heshima ya mungu alidhani mvua ni muujiza mzuri tu. Mkulima wa alizeti na uwele anajua swali linalofuata: akimnyeshea huyu, kamnyima nani? Hata katuni zenyewe baadaye zilimfundisha Storm hivyohivyo, kwamba kupendelea eneo moja huvuruga hali ya hewa ya kwingine. Naona hiyo ingekuwa sababu bora kuliko zote kwa Storm kuacha uungu na kwenda kuwa mmoja wa kundi.

Je, wajua kwamba Killmonger anasomwa tofauti na watu wenye baba wakubwa? Black Panther ya 2018 ni filamu na si sizoni, lakini haiwezekani kuiacha, hasa ikiwa ndani yake yumo Lupita Nyong'o wa Kenya, Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala, na Daniel Kaluuya ambaye wazazi wake ni Waganda. Mfalme T'Chaka anamuua mdogo wake N'Jobu ili kumwokoa mtu wa tatu, kisha anaondoka na kumwacha mtoto wa marehemu, ndiye Killmonger, huko Oakland, peke yake. Wabishi wa Ulaya na Marekani hujadili kama Killmonger alikuwa sahihi juu ya silaha na ukombozi. Wa hapa huanzia mahali pengine: baba mkubwa anawezaje kumwacha mtoto wa ndugu yake na maiti? Kuua kunaweza kuelezwa, palikuwa na bastola. Kumwacha mtoto hakuelezeki. Kwa usomaji huo, filamu nzima ni mtoto anayerudi nyumbani kudai malezi, na ufalme ni kisingizio.

Wanaotaka zaidi wana Eyes of Wakanda, tamthilia fupi ya katuni ya episodi 4 iliyotoka Agosti 2025, juu ya wale waliotumwa karne kwa karne kurudisha mali ya Wakanda iliyoibwa.

Je, wajua kwamba Kenya ilimpata shujaa wake wa katuni kwa watoto mwaka 2021? Super Sema, msichana wa mji wa Dunia, anapambana na mtawala asiye na moyo kwa sayansi na akili, akisaidiwa na pacha wake. Zambia ikafuata na Supa Team 4 mwaka 2023, wasichana wanne wa Lusaka. Na Julai ya mwaka huohuo ikatoka Kizazi Moto, filamu fupi 10 kutoka nchi sita za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo. Tanzania bado inadaiwa hapo.

Je, wajua kwamba kabla Superman hajapata udhaifu wake, pwani yetu ilikuwa na shujaa wa aina hiyo? Kriptonaiti iliingia kwenye hadithi za Superman kupitia redio mwaka 1943. Fumo Liyongo wa Pate alikuwa na kitovu kisichostahimili sindano ya shaba karne nyingi kabla, na Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wake mwaka 1913 kutoka kwenye simulizi alizozikuta.

Kisa chenyewe kina nia tatu zilizosukana, na yeyote anayeandika sizoni akijifunze. Sultani anamwogopa Liyongo, hilo liko wazi. Anampata mtoto wa Liyongo mwenyewe, anamwahidi cheo na binti yake amwoe. Mtoto anakwenda kwa baba, anamuuliza: baba, ni kitu gani kinaweza kukuua? Na hapa ndipo pa kukaa. Liyongo si mjinga. Anatambua kwamba mwanawe ametumwa. Bado anamwambia.

Kwa nini? Watu wamebishana juu ya jibu hilo tangu kabla ya televisheni. Wapo wanaosema alichoka kuwindwa. Wapo wanaosema alitaka kumpima mtoto hadi dakika ya mwisho, akiamini mkono utasita. Mimi nadhani hakutaka kuishi akiwa baba anayemficha mwanawe, na alilipa bei hiyo macho wazi. Mtoto akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda hadi kisimani, akapiga goti na kutia mshale kwenye uta, na akafia hapo akiwa amelenga. Mji mzima ukakosa maji siku kadhaa, hakuna aliyethubutu kusogea, hadi mama yake alipoletwa kumbembeleza na mwili ukaanguka. Na mtoto? Sultani alimnyima kila alichomwahidi, na ugonjwa ukamuua.

Linganisha na Lex na Lionel. Linganisha na Tommy chini ya kifusi.

Je, wajua kwamba Luanda Magere wa Wajaluo, mwenye mwili wa jiwe, aliangushwa na mkewe aliyetoka kwa maadui, Wanandi? Aliugua, akamwambia amchanje dawa kwenye kivuli, na binti akapeleka habari kwao. Kwa Wajaluo ni msaliti. Msimulie Mnandi, naye atakuuliza: binti aliyetumwa peke yake kwa adui na akarudi na siri iliyookoa watu wake, mnamwitaje?

Je, wajua kwamba Ebrahim Hussein alipochapisha tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969 alieleza kwamba huyo ni mhusika wake mwenyewe, si nakala ya Kinjikitile wa Ngarambe? Wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vya Maji Maji. Wa jukwaani ana jambo ambalo mashujaa wengi wa televisheni walilipata baadaye sana: anaanza kutilia shaka nguvu zake mwenyewe, lakini neno limeshatoka na watu wameshaliamini. Ningeomba kila anayeandika shujaa wa Kitanzania aanzie kwenye tamthilia hiyo.

Je, wajua kwamba Singida yenyewe iliwahi kuwa na kesi kubwa ya nia, na haikuwa ya kubuni? Katikati ya miaka ya 1940, wakati wa Waingereza, watu waliuawa katika nchi ya Wanyaturu na mauaji yakasemwa ni ya watu-simba: watu waliovaa ngozi, au waliofugwa na kutumwa kama simba. Kesi zilifunguliwa. Afisa A. W. Wyatt aliandika juu yake mwaka 1950, na mwaka 1962 mtaalamu wa mila Harold Schneider, aliyefanya utafiti kwa Wanyaturu, akayapitia upya yaliyodhaniwa kujulikana. Walikuwa wakilipwa? Walikuwa wakilipiza kisasi? Au palikuwa na simba wa kweli na hofu ya watu ikaongeza mengine? Familia zilizofiwa zilikuwa za kweli, kwa hiyo jambo hili nalitaja kwa heshima na kulipita. Atakayelitia kwenye filamu aende kwanza kwa wazee.

Je, wajua, mwisho, kwamba uwanja wa soka wa hapa Singida, tulikowashangilia Walima Alizeti, timu yetu, una jina la mwanamke shujaa? Zamani uliitwa Namfua. Sasa ni Liti, na Liti anakumbukwa katika simulizi za Wanyaturu kama mwanamke aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki.

Nyuki si silaha ya ajabu kwa mkoa huu. Asali ni kazi ya watu, kuanzia mizinga ya magogo iliyotundikwa miombo ya Manyoni hadi vichaka vya Itigi. Nyuki mmoja akiuma, mwiba wake wenye vikulabu hubaki kwenye ngozi na yeye hufa, lakini mahali palipoumwa huachwa harufu, inayofanana na ndizi mbivu, inayowaita wenzake waje papo hapo. Ndiyo maana anayekimbia ovyo huumwa zaidi, na ndiyo maana mrina asali hutanguliza moshi, unaofunika harufu ile. Askari mwenye bunduki na koti zito la sare hana la kufanya. Bunduki haina pa kulenga.

Sasa mfikirie akiandikwa sizoni. Nguvu zake tumezipata. Sababu yake ni ipi? Mwandishi mvivu atampa mume aliyeuawa, kama Castle alivyopewa familia, na ataona amemaliza. Mwingine atampa wito kutoka mbinguni. Nani aliwatunza nyuki wale kabla ya vita? Alifundishwa na nani kuwasogelea? Aliwaambia nini wanawake wenzake waliokuwa na watoto mgongoni, ilipobidi wachague kumfuata au kukimbilia vichakani? Wajerumani walidai kodi, kazi za shuruti na utii kwa boma lao la Mkalama. Kati ya hayo, lipi lilikuwa la kwanza kumfikia mlangoni kwake?

Mimi ningemwandika mwanamke ambaye hakutaka vita. Ningempa shamba, mizinga, na wajukuu wa kuwalisha, na episodi nzima ya kwanza ningeitumia kumwonyesha akirina asali usiku, polepole, bila kuumwa. Halafu ningewaacha washabiki wa kibandani wabishane ni saa ngapi hasa aliamua.